Mwalimu Mutuku na Maziko ya Mtu Aliye Hai

Lewis Mutuku alifundishwa tromboni na bendi ya kanisa huko kwao Ukambani kwa sababu katika watoto wote waliojitokeza, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na mkono mrefu wa kutosha. Tromboni ni ile ala ya shaba yenye bomba la kuvuta na kusukuma. Watu wengi huiita tarumbeta, na Mutuku aliyatumia maisha yake kuwasahihisha.

Mkono ule mrefu ulimfikisha Nairobi, kwenye okestra ya watu waliovaa suti nyeusi. Kazi ya mpiga tromboni katika okestra, tuseme kweli, ni kungoja. Wapiga fidla hutoka jasho tangu mwanzo hadi mwisho. Yeye hukaa nyuma, ala magotini, uso umekunjwa kama hakimu, mpaka muziki ukikaribia kwisha ndipo apulize mara chache, mfano wa mtu aliyekumbuka jambo. Mutuku aliifanya kazi hiyo kwa heshima kubwa. Na kwa kuwa anayekaa nyuma ya wote husikia makosa ya wote, alianza kujiambia kwamba yeye angeutunga muziki ule vizuri zaidi, na tromboni zisingengoja.

Kisha siku moja akatafuna muwa. Jino la mbele likakatika, na jirani yake likalegea. Daktari alimtilia la bandia, jeupe kuliko wenziwe, lakini pumzi ikawa inapenya pembeni, na tromboni ikitoa sauti ya mbuzi aliyesahauliwa malishoni. Okestra ilimuaga kwa keki na hotuba. Katika hotuba hiyo mwenyekiti alimshukuru kwa utumishi wake uliotukuka katika tarumbeta.

Mkewe, Phoebe Moraa, alikuwa muuguzi aliyehamishiwa Pwani zamani, akaipenda, na alipoacha kazi akafungua duka la dawa pale Gede, si mbali na stendi. Mutuku akamfuata na tromboni yake na sanduku la karatasi. Phoebe akampa chumba cha nyuma, palipokuwa na maboksi ya dawa ya kikohozi. Baada ya juma moja pakatundikwa kibao mlangoni: SABAKI, WACHAPISHAJI WA MUZIKI.

"Kwa nini Sabaki, na sisi tuko Gede?" Phoebe aliuliza.

"Sabaki ni mto. Mto hufika mbali."

"Baba Bridgit, ule mto ukitoka hapo unaingia baharini."

Mutuku alikinyoosha kibao. Mtu aliyeanzisha shirika hana muda wa jiografia.

Kuanzia hapo alitunga kama mtu anayelipiza kisasi. Alichukua nyimbo za kanisani akazipanga upya, akatunga zake mpya, na zote akazichapa kwa nota za mistari mitano, kama alivyozoea mjini. Chini ya sauti za waimbaji aliandika tarumbeta tatu, tromboni mbili, na ile ala kubwa ya besi inayomzunguka mpigaji kama chatu. Hapakuwa na kwaya kutoka Malindi hadi Ganze iliyokuwa na hata moja ya ala hizo. Nyingi zilikuwa na kinanda kimoja cha umeme, na umeme ulikuja kwa hiari yake.

Mteja wake wa kwanza alikuwa Mapenzi, mwalimu wa kwaya ya kanisa moja dogo la Vitengeni, kijana mtaratibu aliyeshika ile karatasi kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

"Shikamoo, Mwalimu. Wimbo nauona ni mzuri. Ila hii mistari ya huku chini ni ya nani?"

"Marahaba. Hiyo ni ya tarumbeta na tromboni."

"Nasi hatuna."

"Mtapata."

"Na hizi nukta zilizoning'inia? Sisi twasoma do-re-mi, Mwalimu."

"Mtajifunza."

Mapenzi alinunua nakala moja, akashukuru, akaipiga picha kwa simu kabla hajavuka barabara. Kufikia Jumapili, wimbo ulikuwa kwenye simu za kwaya zote za upande ule, pamoja na kidole gumba cha Mapenzi pembeni. Mutuku alipopata habari alighadhibika. Katika toleo lililofuata akachapa onyo kubwa chini ya ubeti wa mwisho: Haki zote zimehifadhiwa. Ni haramu kunakili sehemu yoyote ya wimbo huu bila idhini ya mchapishaji.

Mapenzi alikuwa kijana mtiifu. Jumapili ya mavuno, Mutuku akiwa mgeni wa heshima kwenye kiti cha mbele, kwaya ya Vitengeni iliimba wimbo wake mpya wote, neno kwa neno, hata na onyo. Soprano walilipandisha "haki zote" juu kabisa. Alto na tenori wakaingia na "zimehifadhiwa". Kisha besi wakashuka kwenye "ni haramu" wakaishikilia mpaka mchungaji akafumba macho na kusema amina. Mutuku alitamani ardhi impasukie. Hata hivyo sikio lake halikujua kusema uongo, likamwambia kwamba pale kwenye onyo ndipo kwaya ilipopatana kuliko mahali pengine popote.

Mtu aliyeguswa zaidi na ibada ile alikuwa Mzee Sanga Dzombo. Zamani alikuwa diwani. Sasa alikuwa na maduka, malori ya mawe na kiti chake kanisani ambacho hapakuwa na mwingine aliyethubutu kukikalia. Alimngoja Mutuku mlangoni.

"Mwalimu, nataka unitungie nyimbo ya maziko."

"Pole sana, Mzee. Nani amefariki?"

"Bado. Ni yangu."

Alieleza kwamba alikuwa ameona kwenye televisheni mkubwa mmoja akizikwa kwa tarumbeta, akaona hivyo ndivyo. Lakini alitaka kuisikia mapema. "Wakishanifukia, nitamwambia nani kwamba pale katikati hapalizi?"

Mutuku alirudi Gede akitembea kama aliyetunukiwa nishani. Hatimaye palikuwa na mtu Pwani nzima aliyeomba tarumbeta kwa kinywa chake. Alitunga kwa juma zima, na Mzee Sanga akawa anakuja dukani kusikiliza kwa kinanda, akikaa kati ya wagonjwa, akitoa maagizo. Alitaka isifiwe elimu aliyoleta. Alitaka litajwe daraja alilojenga.

"Daraja lipi, Mzee?" Mutuku aliuliza, kalamu mkononi.

"Lile lililosombwa na maji."

Mama mmoja aliyekuja kununua dawa ya minyoo akasema kwa upole kwamba yeye kwao ni kule kule, na daraja analolijua lilisombwa likiwa bado maneno. Mzee Sanga alimtazama, kisha akamwambia Mutuku, "Weka tarumbeta hapo."

Wapigaji walipatikana kwa kuokoteza: mlinzi wa hoteli moja ya Watamu aitwaye Njenga, aliyepiga tarumbeta katika bendi ya kanisa ujanani huko kwao Kiambu, Eugene, kinyozi wa Malindi, aliyekuwa na tarumbeta ya marehemu babake, na walimu wawili wa skauti walioweza kupiga nyimbo za gwaride tu. Tromboni ikapigwa na Mutuku mwenyewe. Sehemu aliyoiandikia tromboni ya kwanza ijitokeze peke yake, aliifuta, akampa Eugene. Jino halikuwa la kuaminika.

Jumamosi asubuhi wakakusanyika uani kwa Mzee Sanga, Vitengeni, pamoja na kwaya ya Mapenzi. Mzee alikaa kwenye kiti cha mapambo, fimbo mkononi. Mkewe mkubwa, Mama Kabibi, alikuwa ameenda sokoni, na hapana aliyemweleza kitu. Mzee hakuwa na desturi ya kueleza wake zake mambo ya sanaa.

Bendi ikaanza. Sauti ya shaba haijui ua. Ilivuka mihogo, ikapita shule, ikafika sokoni, na huko watu wakaacha mizani ikining'inia. Kwaya ikaingia: "Amelala Sanga, simba wa Vitengeni." Maneno yalisikika vizuri, maana Mutuku alikuwa ameyasisitiza hayo hasa.

Wa kwanza kufika walikuwa majirani, wakilia. Nyuma yao wakaja wa ukoo, kisha wanawake wa soko, na katikati yao Mama Kabibi, leso imemdondoka begani, akisaidiwa na wenzake wawili. Aliingia uani akamkuta mumewe anapiga fimbo chini kufuata mdundo.

Bendi ilikatika. Mama Kabibi aliwaachia wenzake wawili, akamsogelea mumewe.

"Kumbe hujafa," akasema.

"Najaribu nyimbo," akasema Mzee Sanga.

Mambo yangeishia hapo, lakini waliokuja msibani huwezi kuwarudisha na njaa. Wengine walikuwa wametoka mbali, na mama mmoja alishafika na sufuria zake. Mzee Sanga aliona jinsi umati ulivyokuwa mkubwa, akapendezwa nao, akaamuru ng'ombe achinjwe. Na palipo na nyama na watu wengi pana hotuba. Binamu yake mmoja akasimama, akaanza, "Marehemu tulikua naye," na hakujisahihisha. Alisema marehemu alikuwa mchapakazi. Alisema pia kwamba marehemu aliwahi kusogeza mpaka wa shamba usiku, na wakasamehe kwa sababu ya undugu.

"Mwalimu," Mzee Sanga akanong'ona, "pigeni."

Wakapiga. Msemaji wa pili alipofika kwenye habari za daraja, wakapiga tena, na safari hii kwa nguvu. Mutuku alitambua kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake tromboni ilikuwa haingoji.

Ila jambo lililomshangaza lilikuwa jingine. Wanawake walikuwa hawajaacha kulia. Mzee alikuwa hai mbele yao, anakula ini, nao machozi yanawatoka. Wakati wa mapumziko Mama Kabibi alimsogelea Mutuku, akapangusa uso kwa leso.

"Mama, mbona bado unalia? Mzee si huyo?"

"Huyo simlilii, Mwalimu. Namlilia mamangu. Alifariki mwaka wa njaa, tukamzika upesi upesi, hakuimbiwa kitu. Hizo tarumbeta zako zimenikumbusha."

Mutuku alifungua kinywa amwambie kuwa moja yake ni tromboni. Akakifunga.

"Nitungie ya kwake," Mama Kabibi akasema. "Fupi. Usimsifu. Hakupenda."

Mzee Sanga aliridhika na maziko yake kiasi kwamba aliagiza yafanywe tena mwaka uliofuata, na ubeti wa daraja urefushwe. Habari zilipoenea, wazee wengine wenye uwezo wakaanza kufika Gede kuagiza za kwao, kila mmoja akiuliza ya Sanga ina tarumbeta ngapi, halafu akitaka zizidi. Sabaki, Wachapishaji wa Muziki, ikapata sifa yake hatimaye. Kitu kimoja tu kilimsikitisha Phoebe.

"Baba Bridgit, hawa wateja wako hawafi."

"Wakifa watarekebishaje?"

Wimbo wa mamake Mama Kabibi ulimsumbua kuliko zile za wakubwa. Kila alipoandika tarumbeta aliona zinamweka mbele mtu asiyehusika. Akazitoa moja baada ya nyingine. Mwishowe zikabaki sauti nne tupu na maneno machache, akaziandika kwa do-re-mi, akampelekea Mapenzi mwenyewe, bila onyo wala jina, kwa kuwa karatasi ilikuwa ndogo na haraka ilikuwa kubwa. Mapenzi akaipiga picha.

Miaka miwili baadaye Phoebe alifiwa na mteja wake wa siku nyingi, mama mkulima wa ng'ambo ya mto Sabaki, na Mutuku akamsindikiza mazikoni. Walipoanza kuteremsha jeneza, watu wakaimba, bila karatasi, bila mwalimu. Mutuku alishtuka. Ulikuwa wimbo wake, ila mwendo ulikuwa umepungua, na pale alipoandika besi ishuke, wao waliiacha juu, ikaning'inia.

Akamwinamia bibi mmoja aliyesimama kando yake. "Mama, besi hapa hushuka."

Bibi alimtazama jino, kisha viatu. "Baba, wewe ni mtu wa bara, twakuona. Huu ni wimbo wa kwetu, wa tangu wazee. Haushuki."

Phoebe alimminya mkono asiseme neno. Ubeti ulipozunguka Mutuku aliingia na besi, akaiacha juu kama alivyoagizwa, na bibi yule akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba sasa ameanza kupata.

Njiani kurudi, kwenye daraja la Sabaki, Mutuku alisimama.

"Wamenikosea pale besi inaposhuka," akasema.

"Nimesikia," Phoebe akasema. "Ni afadhali hivyo?"

Mutuku alivuta mkono wake hewani, akausukuma, kama mwenye tromboni, akijaribu njia zote mbili. Walifika Gede hajaamua.