Mlango wa Lori la Babu

Ndani ya lori la babu kulinuka oili iliyoganda, nyasi mbichi na kinyesi cha kuku, kwa sababu kuku wa kogo, yaani nyanya yangu, walitagia kwenye kiti cha dereva. Lilikuwa lori la zamani, la pua ndefu na taa mbili za mviringo. Tangu babu afariki lilikaa kando ya shamba letu la chai huko Merigi, magurudumu yamezama udongoni na magugu yametokeza penye injini. Mvua ya alasiri ikilipiga, kutu ilichuruzika ubavuni, nyekundu hapa, manjano pale, kwingine rangi ambayo hata sasa sijui niiite nini. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na kichwa kigumu kweli kweli, na niliipenda ile kutu kuliko kitu kingine chochote pale nyumbani.

Likizo ya Agosti, baba mdogo alitangaza kwamba lori lingechukuliwa na wanunuzi wa vyuma vikuukuu ili pale mahali papandwe chai. Wangekuja Jumamosi kulikata. Kogo hakubishana naye. Aliniita jikoni, maana kila mtu alijua kwamba mimi ndiye wa kuchora, akaniambia, "Chebet, nichoree ule mlango wa dereva. Vile babu yako aliandika." Kwenye mlango huo babu alikuwa ameandika jina lake na neno Merigi kwa rangi nyeupe na kwa mkono wake mwenyewe. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la gumbaru, na hayo ndiyo maandishi pekee aliyotuachia. Kamera hatukuwa nayo. Kama mchoro wangu haungepatikana, kogo angebaki bila chochote.

Nikamwambia sawa, kisha nikaanza na kutu. Hapo ndipo ninapojikasirikia mpaka leo. Nilichana mfuko wa saruji, nikaubandika juu ya boksi kwa uji wa ngano, nikachora umbo la lori kwa makaa ya jikoni. Magugu niliyapaka kwa majani ya chai yaliyopondwa, magurudumu kwa udongo mwekundu. Kutu nayo niliamua iwe kutu yenyewe: niliikwangua kwa kisu ubavuni mwa lori nikaichanganya na chai ya rangi, nzito, ili ishike. Ilipokuwa mbichi ilipendeza hadi nikacheka peke yangu. Asubuhi yake nilikuta lori zima limekuwa jeusi, kama limeungua. Nikafikiri ni moshi wa jikoni, nikarudia. Likawa jeusi tena. Nikabadilisha karatasi, nikaongeza majani ya chai, nikazidi kuliharibu. Nikalia kwa hasira, nikachana kazi ya siku mbili. Hakuna aliyenieleza kwamba chai na chuma vikikutana hutoa wino. Nilikuja kulijua hilo nikiwa mtu mzima, wakati halinisaidii kitu.

Kila jioni kogo alipita na ndoo ya maziwa na kuuliza, "Na mlango?" Nami, bila hata kuinua kichwa, nilimjibu kwamba mlango ni rahisi, ni herufi tu, nitamalizia nao. Alhamisi nikaacha chai, nikaichanganya kutu na uji. Ijumaa asubuhi rangi ilikuwa palepale, nyekundu safi. Nilirukaruka uani kwa furaha. Kisha nikatumwa kupeleka majani ya chai kwenye kituo cha kununulia, na foleni ilikuwa ndefu.

Niliporudi, wanunuzi walikuwa wameshafika. Barabara ilikuwa imekauka siku hiyo, wakaona heri wasingoje Jumamosi. Walianza na milango kwa sababu ndiyo hufunguka upesi, na gari lao lilikuwa limeshaondoka na mzigo wa kwanza. Nilimpigia baba mdogo kelele ambazo mtoto hapaswi kumpigia mkubwa. Hakunichapa. Alinitazama kwa mshangao tu, akasema, "Si umekaa hapo wiki nzima? Kwani ulikuwa unachora nini?" Kogo alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, ndoo ya maziwa mkononi.

Siku hizi nina chumba cha kazi mjini Kericho, na kuchora magari na malori ya zamani ndiyo kazi yangu. Nina rangi za kila aina, makaa ya kununua, vipande vya magazeti, hata kutu halisi kwenye chupa. Wateja wanasifia sana hiyo kutu, na kila wakiisifia nakereka. Krismasi iliyopita nilimpelekea kogo mlango. Jina lilikuwa lilelile, na ili herufi zipinde kama za babu niliziandika kwa mkono wa kushoto. Nilizirudia mara nyingi hata nikakosa usingizi. Kogo aliushika mchoro, akausogeza mbali na uso, akaupitishia kidole neno kwa neno.

"Ni mzuri, mama," akasema. "Lakini haya ni maandishi yako."

Nilimjibu kwamba ndiyo, ni yangu. Sikuwa na mengine ya kumpa.