Sufuria ya Qu Shouyi

Baba yangu, Qu Shouyi, alichomelea vyuma katika kiwanda cha kuunda meli hapa Dalian, Uchina, kwa miaka thelathini na moja, na nyumbani hakuwahi kutamka neno meli. Asubuhi simu yake aliiacha kwenye sanduku la getini. Jioni alirudi nayo, lakini mdomo aliuacha hukohuko. Mama akimuuliza kazi imekwendaje, jibu lilikuwa lilelile: "Tunachomelea sufuria."

Mimi ilikuwa inaniudhi. Kila ngazi ya jengo letu ilikuwa na bango la kutuonya juu ya majasusi, na kwa baba, jasusi wa kwanza alikuwa mkewe.

Juzi, miaka miwili baada ya yeye kustaafu, tulikuwa tunakula tambi wakati televisheni ilipoonyesha manowari mpya ya kubeba ndege ikitoka gatini. Baba akaweka vijiti chini.

"Hongera, mzee," mama akasema huku akimenya kitunguu saumu. "Sufuria yako inaelea."

Baba akageuka. "Nani kakwambia?"

"Kola zako. Zamani zilikuja na rangi nyekundu, ya meli za mafuta. Miaka sita ya mwisho zikaja na kijivu cha jeshi. Kwani nani alikuwa anafua humu ndani, wewe?"

Baba akapauka. "Ukamwambia nani?"

"Siri ya nchi hiyo," mama akasema, akimpa punje ya kitunguu. "Hata wewe sikukwambia."