Ubao wa Kinyozi

Nikipita karibu na kinyozi na kunusa ile spiriti wanayopaka shingoni, kichwa changu husikia baridi, hata kama nimesukwa.

Dada yangu alikuwa anaingia sekondari, na shule ilitaka nywele fupi. Zake zilifika mabegani. Mama alikuwa amezikuza kwa mikono yake mwenyewe tangu dada akiwa mtoto. Tulipofika sokoni Subukia, dada alishika mlango wa kinyozi akakataa kuingia.

"Mimi siendi shule," akasema huku akilia. "Nitachuma kahawa."

"Kahawa gani, na hata sukuma wiki inakushinda kuchuma?" mama akamjibu.

Mimi nilikuwa bado nasari, shule ya watoto wadogo. Hakuna mtu aliyekuwa amenidai nywele. Nikapanda juu ya ule ubao ambao kinyozi huwawekea watoto kwenye kiti, nikamwambia, "Boss, anza na mimi."

Kinyozi akamwangalia mama. Mama akamwangalia dada, kisha akatingisha kichwa kukubali.

Nilipogeuka baada ya kunyolewa, masikio yote nje, dada alicheka mpaka akashika tumbo. "Wee, unakaa yai!" Halafu akaingia, akaketi, akafumba macho.

Jumapili jioni, saa ya kusukwa, mama alitoa stuli nje akaketi na chanuo mkononi. Akaliangalia, akaliweka chini. Lakini bado alituita. Tukakaa mbele yake kwa zamu, akatupaka mafuta kwenye vichwa vitupu, na akachukua muda uleule aliokuwa akichukua kutusuka.