Huyo kipa aende nyumbani

Wasee, mkiniona na kofia leo, chekeni polepole.

Nimeenda kinyozi ya mama mmoja hapa Kinoo. Nikamwambia anipunguzie tu pembeni.

Nikiwa kwa kiti, nikaanza kupanga timu yetu ya mtaa ya msimu ujao. Straika abaki. Mabeki wawili tuwauzie watu wa Waithaka.

"Lakini huyo kipa aende nyumbani kabisa! Mpira ukija anaupisha kama mgeni wa heshima."

Mashine ikasimama.

Mama akauliza, "Aende nyumbani?"

"Aende leo!"

"Sawa. Nyumbani ni kwangu. Huyo ni kijana yangu."

Halafu mashine ikapita katikati ya kichwa. Taratibu. Bila haraka.

Nilitaka kipa mpya, nimerudi na kipara.