Mkono wa Kushoto wa Mgema Fondo

Fondo wa Kaloleni mwamjua? Basi nitawajulisha. Amegema tembo, pombe ya mnazi, miaka thelathini, akipanda minazi yake asubuhi, adhuhuri na jioni, maana karara, lile chipukizi la maua linalotoa tembo, lisipochongwa kidogo kila mara hukauka, na tembo likakatika.

Mwaka huu moyo wake ulianza kusuasua, mapigo thelathini tu kwa dakika. Akazirai, bahati yake akiwa chini. Hospitalini wakamtia betri ndogo ya kuupigisha moyo chini ya ngozi, karibu na bega la kushoto, na waya wake wakaushikiza ndani ya moyo, kwenye njia ileile ambayo moyo wenyewe hupitishia amri ya kupiga.

"Mzee, waya haujashika bado," daktari akamwambia. "Wiki sita, mkono huu wa kushoto usiinuke kupita bega."

Fondo akatii, kwa akili yake. Wiki ya tatu akaona makarara ya mnazi mfupi nyuma ya nyumba yanaanza kunyauka. Akawaza: kisu nashika kwa mkono wa kulia, wa kushoto una kazi gani? Akapanda. Huko juu ndiko alikokumbuka kwamba mgema hukata kwa wa kulia na kujishikilia kwa wa kushoto.

Aliposhuka, bega lilimwuma. Siku mbili alificha. Kila akihisi kizunguzungu aliweka vidole kwenye mshipa wa mkono na kuhesabu, akapotea, akaanza upya.

"Wahesabu nini, baba Emily?" mkewe, Pola, akamwuliza.

"Nazi."

"Nazi zimeota mkononi?"

Kesho yake Pola akampeleka hospitali. Nesi Jedida akaweka kifaa juu ya betri, akatazama kompyuta.

"Mzee, mkono umepita bega?"

Fondo akamtazama Pola. Kusema la kulikuwa rahisi. Lakini nesi akidanganywa, atautafutaje waya?

"Nilipanda mnazi," akasema. "Mmoja. Mfupi."

Pola akajifunga leso upya.

Wakampiga picha ya kifua. Wakangoja kwenye benchi, Fondo akisikiliza kila pigo kana kwamba ni la mtu mwingine.

"Waya haujasogea," Jedida akarudi kusema. "Lakini wiki tatu zimebaki. Hiyo minazi mpe mtu."

Pola hakungoja wafike nyumbani. Alimpigia jirani yao, Owen, hapo hapo mlangoni, akamkabidhi minazi yote. Fondo akaomba angalau amweleze Owen namna ya kuchonga. Pola akamshikia simu sikioni yeye mwenyewe, mkono wa kushoto usije ukainuka.