Firigisi Kabla ya Amina

Juzi mke wa kijana wangu wa pili, yule anayefundisha huko Kesses, alinipakulia sahani ya firigisi. Sahani nzima. Nikamwuliza, "Mama, mmechinja kuku wangapi?" Akacheka. "Hatujachinja, Mzee. Hizi zinauzwa kwa pakiti, supamaketi." Na kweli, watoto walikuwa wanazitafuna mbele ya televisheni kama njugu. Hata mbwa alirushiwa moja. Nikachukua moja, nikatafuna. Ukiwaambia watu waliosoma kwamba firigisi moja iliwahi kuokoa nyumba, watakupeleka ukapimwe kichwa.

Sisi tuliotoka magharibi kuja kulima mashamba ya wengine hapa Uasin Gishu tulikuja na jembe na sheria moja ya kuku: firigisi ni ya mwenye boma. Mgeni atapewa paja, watoto watapigania shingo na miguu, na mama zetu siku zile hata kuku hawakula, waliambulia mchuzi. Lakini imondo, kama tunavyoiita kwetu, haiguswi. Mwanamke akipika kuku na imondo ikapotea, alirudishwa kwao akaitafute huko.

Baba alipokufa nilikuwa hata ndevu sina. Nikaacha shule darasa la tano, na sikulia, maana mwalimu alinituma maji mtoni kuliko alivyonifundisha. Nikachukua baiskeli ya baba, ile nyeusi nzito, nikafunga mikebe nyuma, nikawa natoa maziwa kwa wakulima wa Plateau na kuyapeleka kwa hoteli za mjini Eldoret. Baiskeli hiyo ndiyo ilikuwa unga wetu, sabuni yetu, na shule ya dada zangu. Ikiondoka, sote tunarudi kulima kibarua.

Sasa, baba alikuwa na ndugu mdogo. Karani. Tai shingoni, kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki. Kwa matanga ya baba alilia kuliko mjane, halafu akala kuliko waliochimba kaburi. Na alikuwa na pua ya kuku. Tukichinja, hata kama ni kuku aliyekanyagwa na ng'ombe, utamwona anainama mlangoni: "Hodi! Nimepita tu kuwajulia hali." Mama anamwekea firigisi, kwani mwanaume mwingine alikuwa nani? Mimi nilihesabiwa mtoto. Niendeshe baiskeli barabara yote hiyo, ninunue kuku, halafu nikae niangalie shavu la karani likicheza.

Jumapili moja alikuja kwa miguu, lakini suruali ameibana chini kwa vibanio vya waendesha baiskeli. Akaketi kwa kiti cha baba, akaegemea.

"Shemeji, nimefikiria sana," akamwambia mama. "Baiskeli ya marehemu naenda nayo leo. Mali ya ndugu ni ya ndugu."

"Na maziwa itabebwa na nini?"

"Si huyu kijana ana mgongo?"

Nikasema, "Anko, hiyo baiskeli ndiyo inatulisha."

"Wewe nyamaza. Hapa mwenye boma ni nani? Nani hupewa imondo hapa?" Akajipiga kifua. "Si ni mimi? Basi. Mwenye imondo ndiye mwenye boma, na mwenye boma ndiye mwenye baiskeli. Hiyo ni sheria ya wazee, hata kotini huishindi."

Mama akaleta ugali na bakuli la kuku. Firigisi ilikaa juu, inang'aa mafuta, imeelekezwa kwake. Karani akafumba macho kuomba.

Maombi ya mtu huyo yalianzia uumbaji. Akaombea serikali, akaombea mvua, akaombea wagonjwa wa hospitali ya misheni, akaombea wasafiri wa angani, na kwetu hakuna aliyewahi kupanda ndege. Nikaitazama firigisi. Nikaitazama baiskeli imeegemea ukuta. Sikuwaza sana, kuwaza ni kazi ya makarani. Nikanyoosha mkono, nikaitupa mdomoni.

Nikwambie kitu: imondo ya kuku mzee si ya kula kwa haraka. Moto kama kaa, ngumu kama tairi. Machozi yalinitoka. Alipofika kwa wajane na mayatima nilikuwa bado natafuna, namwomba Mungu amwongezee maneno. Ndiyo siku pekee niliyofurahia maombi yake.

"Amina."

Akafungua macho. Akaingiza kijiko, akageuza mapaja, akainua shingo, akachungulia chini ya meza.

"Shemeji, kuku gani huyu hana imondo? Ni paka?"

"Hatuna paka," dada yangu mmoja akasema, mabega yanamtetemeka.

Ndipo akaniona. Shavu limevimba, macho mekundu.

"Wewe! Tema!"

Nikameza. Ilishuka kama jiwe, naisikia hadi leo.

"Umeona, Shemeji? Mtoto amekula imondo! Mchape!"

Mama alipangusa mikono kwa leso, hana haraka. "Shemeji, sheria umeisoma wewe mwenyewe. Imondo imeliwa na mwenye boma. Wewe kula paja, ni la mgeni."

Na usidhani karani alisusa. Watu wa aina hiyo hawasusi nyama. Alikula paja, akalamba na mfupa, kisha akarudi kwao kwa miguu na vibanio vyake. Watoto wa jirani wakamfuata njiani: "Mzee, baiskeli iko wapi?"

Leo nina nyumba za kupangisha Kimumu, na wenye digrii hunipigia hodi wakibembeleza niwangoje hadi mwisho wa mwezi. Wananiuliza nilianzia wapi. Wanataka niseme mkopo, au semina. Nikisema nilianzia kwa bakuli la kuku wanacheka, wanadhani uzee.

Karani alirudi, bila shaka. Harufu ya kuku ilimshinda aibu. Mama akaitoa imondo mbele yake, akaiweka kwa sahani yangu. Halafu akamwomba yeye atuombee. Siku hiyo uumbaji hakuugusa. Aliombea chakula tu, upesi upesi, jicho moja wazi, linatazama mkono wangu.