Nilivyotangaza duka la halwa kwa email za watu waliotoa pole za msiba

Wakuu, hamjambo nyote, wa bara na wa visiwani.

Kisa hiki ni changu mimi mwenyewe, si cha rafiki yangu mmoja wala cha kusimuliwa. Aliyekosea ni mimi. Duka lenyewe bado lipo Mji Mkongwe, na mwenye shaka akienda kuuliza atapewa na kahawa.

Nina blogu ndogo. Ninaeleza mambo ya simu na kompyuta kwa watu wazima ambao watoto wao wamechoka kuwaeleza. Jinsi ya kurudisha nywila, jinsi ya kupunguza picha kwenye simu, mambo kama hayo.

Msomaji wangu wa kwanza kabisa alikuwa Mwalimu Khatibu wa Kikwajuni, aliyenifundisha hesabu skuli. Kila nikiandika, yeye anakomenti, na hajawahi kunisifu hata siku moja. "Aya ya tatu umekosea. Rekebisha." Basi. Nami narekebisha.

Mwaka huu Mwalimu akafariki. Nikaandika tanzia kwenye blogu, na watu wakamiminika kutoa pole. Wanafunzi wake wa miaka yote, walimu wenzake, walioko Unguja na walioko mbali. Sijawahi kupata komenti nyingi namna ile.

Hapa nisimame kidogo kwa wasiojua, maana kisa chote kimekaa hapa. Kwenye blogu kama yangu, ukitaka kuandika maoni unajaza jina, unajaza email, ndipo unaandika. Chini ya kisanduku cha email pameandikwa: "Email yako haitachapishwa." Wasomaji hawaioni. Lakini mwenye blogu anaiona. Anazo zote, zimejipanga, zinamtazama.

Sasa, shemeji yangu Salum alikuwa anafungua duka la halwa. Halwa yake nzuri, hilo simnyimi. Akaja nyumbani kulalamika kwamba hajulikani.

"Wewe una watu," akanambia. "Mimi nna halwa. Tunangoja nini tena?"

Nikamwambia wale watu wamekuja kutoa pole, si kununua halwa.

"Kwani waliotoa pole hawali?"

Wakuu, nilishawishika. Na moyoni nilishaanza kujitetea. Ahadi inasema email haitachapishwa. Mimi sichapishi, natumia tu. Mnaona mtu anavyoweza kuwa mwanasheria wa nafsi yake?

Nikatafuta programu ya kutuma email kwa mkupuo. Nikaipa orodha yote ya waliowahi kukomenti, nikaandika tangazo: Ijumaa baada ya swala ya alasiri, halwa na kahawa bure, njoo na mwenzako, na chini nikaeleza duka lilipo. Programu ikaniuliza kama ningependa kila ujumbe uanze kwa kumkumbusha mtu mahali tulipokutana. Nikaona ni jambo la adabu. Nikakubali.

Ijumaa ikafika. Salum katundika maputo mlangoni, kaweka spika, kavaa kofia mpya. Mimi nimesimama kando najiona mtaalamu.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa Mzee Ame, aliyesomesha pamoja na Mwalimu Khatibu. Ametoka Nungwi, kanzu nyeupe, na kwapani ana kisanduku cha mbao.

"Shikamoo Mzee Ame."

"Marahaba. Nimekuja na juzuu zangu. Nilijua nyinyi vijana wa mjini mtasahau."

Nikacheka, nikidhani ni masihara. Mzee akatazama juu. "Na hayo maputo yatoeni. Marehemu hakuwa mtu wa maputo."

Kabla sijamwelewa wakaingia watu sita, wote na kanzu, wote wana sura ya msiba. Wakavua viatu. Wakasogeza meza ya Salum, wakatandika mkeka. Wengine wakafuata. Viatu vikajaa kichochoroni hata vespa zikawa hazipiti.

Salum akanivuta kanzu. "Shemeji, hawa ni wateja?"

Bwana Naresh, niliyesoma naye darasa moja, sasa ana duka la vitambaa, alifika akaketi karibu na mlango kwa heshima zake. Yeye ni Mhindu, na huwa hakosi msiba wa mtu anayemheshimu. Tena ni mtu wa makaratasi: ile email alikuwa ameichapa, ameikunja mfukoni. Nikamwomba nisome.

Ilianza hivi: "Ndugu Naresh, kwa kuwa ulikuwa nasi katika TANZIA: MWALIMU KHATIBU AMETUTOKA, tunakualika Ijumaa baada ya swala ya alasiri. Halwa na kahawa bure. Njoo na mwenzako."

Wakuu, niliirudia mara ya pili. Arobaini ya Mwalimu ilikuwa inakaribia. Mtu yeyote wa hapa kwetu akipata ujumbe huo anaelewa kitu kimoja tu: ameitwa kwenye khitma, kisomo cha Kurani cha kumwombea marehemu.

"Mwisho imeandikwa kuna punguzo kabla ya magharibi," Naresh akaninong'oneza. "Hapo ndipo sikufahamu. Nikadhani mnasoma kwa kifupi."

Nikataka kusimama niseme ukweli. Lakini Mzee Ame alishagawa juzuu, na watu walishaanza kusoma. Unamkatiza vipi mtu anayesoma Kurani? Nikapewa yangu, nikakaa. Salum naye akapewa yake. Mtalii mmoja aliyekuwa anapita akavua viatu, akaketi pembeni, akapokea kahawa, na mwisho akaitikia amini pamoja nasi.

Halwa ikaliwa yote. Hakuna aliyenunua, maana nani ananunua halwa kwenye khitma?

Tukiwa kwenye dua, simu yangu ikalia. Jina: Mwalimu Khatibu.

Nilitoka nje nusura nianguke juu ya viatu. Alikuwa mjane wake, Bi Zuwena, anatumia simu ya marehemu.

"Mwanangu, watu wananipigia kuniuliza hilo duka liko uchochoro gani. Nani amewaalika watu kwenye khitma ya mume wangu, na mimi sina habari?"

"Mimi, Bi Zuwena."

"Njoo."

Bi Zuwena amekaa eda, hatoki. Kwa hiyo kesho yake nilikwenda Kikwajuni, nikaketi ukumbini, yeye yuko chumbani, pazia katikati. Nikamweleza kila kitu, kuanzia kisanduku cha email hadi maputo.

"Kurani imesomwa yote?"

"Yote."

"Halwa ilitosha?"

"Ilitosha."

"Basi hilo nimesamehe. Waliosoma wana thawabu zao. Lakini liko jingine."

Mkono ukatoka pembeni ya pazia na simu ya Mwalimu. Naye alikuwa kwenye orodha yangu. Si aliwahi kukomenti? Programu ilipoona hajakomenti muda mrefu, ikamwandikia: "Ndugu Khatibu, ni siku nyingi hatujakuona!"

"Nikajua ni mtu hajapata habari," Bi Zuwena akasema. "Nikakaa kitako, nikamwandikia kwa adabu, mwenyewe ametangulia mbele ya haki. Unajua alinijibu nini? Soma. Soma kwa sauti."

Nilisoma. Lilikuwa jibu la programu, linajituma lenyewe: "Asante, Khatibu! Tumefurahi sana kupata habari zako!"

Nje jogoo aliwika.

Nikajaribu kumwambia nitawaandikia watu wote email ya kuwaomba radhi.

"Kwa anwani zipi?"

Nikaitazama simu yangu: zile zile.

"Utaomba radhi ya kosa kwa kulifanya tena?"

"Lakini Bi Zuwena, kisheria mimi sikuzichapisha..."

"Wewe ulikuwa na akili, Khatibu alikuwa akisema. Mtu akija kunipa pole hapa, kanga yake akaiacha mlangoni, niivae niende nayo harusini? Halafu niseme mimi sikuiuza?"

Wakuu, nimesoma makala ndefu kuhusu faragha ya mitandaoni. Hakuna iliyonieleza vizuri kama ile kanga.

Akaniambia nifungue orodha mbele yake, nisome jina moja moja, nifute. Ikachukua mchana mzuri tu. Kila jina, yeye ana neno. "Huyo alikuwa mtoro." "Huyo alileta mchele siku ya tatu." "Futa." "Futa."

Nikafika kwa Khatibu. Kidole kikagoma.

"Bi Zuwena, hili la Mwalimu... nilifute, au unapenda nilibakishe?"

Pazia likasogea kidogo.

"Sasa ndiyo umeuliza," akasema. "Si ungeanza na hilo, kwa kila mmoja?"

Kisha akasema, polepole: "Lifute, mwanangu. Apumzike."

Hilo ndilo funzo langu, nanyi ndugu zangu mnaofungua blogu msiogope, ni jambo zuri na mtaliweza. Mtu akikupa email yake ili aweze kusema neno, amekupa kwa neno hilo tu. Ukiitaka kwa jingine, muulize kwanza, naye ajibu ndiyo kwa hiari yake. Mimi kisanduku cha email nimekiondoa kabisa, anayetaka tangazo la halwa ajiandikishe mwenyewe. Hadi sasa amejiandikisha mmoja, Bwana Naresh.

Msamaha nimeuandika kwenye blogu, hadharani. Komenti ya kwanza ilikuja na jina tu:

"Zuwena: Aya ya nne umekosea. Halwa haikutosha, Mzee Ame kanambia. Rekebisha."

Nimerekebisha.

Haya wakuu, nanyi leteni yenu. Wenye blogu, zile email mnazifanyia nini? Na kama kuna aya nimekosea humu, semeni, nimeshazoea.